Kipindupindu Kilivyorekodiwa Stoo Kwangu

Mpangaji wangu aliponiomba aitumie stoo, nilidhani anataka kuweka mkaa. Stoo ile iko nyuma ya nyumba yangu hapa Mbamba Bay. Haina dirisha, na wakati huo ilikuwa na magunia matupu ya kahawa niliyoachiwa na mkwe wangu wa Mbinga, pamoja na magodoro mawili yaliyochakaa. Nikamwambia nitamtolea takataka zile kwanza.

"Usizitoe, Baba," akasema. "Hizo takataka ndizo ninazozitaka."

Siku ya pili nilimkuta ameegemeza magodoro ukutani na kutundika magunia kwa misumari mpaka mlangoni. Mwenyewe alikuwa amekaa katikati juu ya kigoda, amejifunika kanga kichwani, ameshika kitu cheusi mfano wa mwiko mfupi, anazungumza peke yake kuhusu ndui. Nikarudi kinyumenyume bila kukohoa. Jioni nilimuuliza kwa upole kama kuna mtu wa kwao ninayeweza kumpigia simu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Ni binti wa Tanga, Mwislamu, aliyeletwa huku na ajira ya serikali kufanya kazi maabara. Mchana anapima damu na choo cha watu. Siku zake za mapumziko anatengeneza podikasti. Alinieleza kwamba ni kama redio, ila haina saa yake: msikilizaji anaichukua kwenye simu anapotaka na anaisikiliza anapopata nafasi, akiwa shambani au akipara samaki. Kila baada ya wiki mbili anatoa kipindi kimoja kuhusu ugonjwa mmoja wa kuambukiza. Anasimulia ulikotokea, njia ulizopita, namna watu walivyoukosea na namna walivyokuja kuujua.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na biolojia niliipenda. Lakini sisi tulifundishwa magonjwa kama orodha: jina, dalili, kinga, funga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba ugonjwa una historia yake, una bandari ulizoshukia na barabara ulizopita. Huyu binti ndiye aliyeniambia, nami nikiwa nimepita miaka sabini. Alinipa kisikilizio kimoja cha sikioni, nikakaa barazani nikisikia jinsi kipindupindu kilivyokuja pwani yetu na vyombo vya biashara karne ile ya misafara, kisha kikapanda bara pamoja na wapagazi. "Ugonjwa huu hauna miguu," alisema humo. "Hutembea kwa miguu yetu." Alisimulia pia kuhusu daktari mmoja wa mji mkubwa wa Ulaya aliyeweka alama kwenye ramani kwa kila nyumba iliyofiwa, mpaka zile alama zenyewe zikamwonyesha kisima cha maji. Nilikirudia kipindi kile mara tatu, kama kijana mwenye barua ya mchumba.

Nilichokistaajabia zaidi ni namna alivyofanya kazi. Kwanza aliandika kwenye daftari. Kisha aliteremka ufukweni kwa akina mama wanaoanika usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akawasomea huku wakiendelea na kazi. Hakuwauliza kama wameelewa, kwa kuwa alisema mtu akiulizwa hivyo hujibu ndiyo kwa adabu. Yeye aliwatazama mikono. Mkono ukisimama, sentensi ni nzuri. Siku moja nilikuwapo, na mama mmoja mwenye kofia ya majani akamkatisha.

"Weee mtu wa Tanga! Hapo uliposema 'vimelea' nimekuacha, nimeenda kugeuza usipa wangu. Ukimaliza hao vimelea wako uniite."

Wenzake wakaangua kicheko. Mpangaji wangu naye alicheka, akakata mstari ule palepale kwa kalamu. Uliporudi kwao siku iliyofuata ulisema, "mdudu mdogo kuliko macho yako yanavyoweza kuona, anayeogelea kwenye maji unayoyaona safi." Yule mama aliacha kugeuza.

Jambo la pili ni kwamba hakuogopa kusema "hatujui". Wataalamu wasipokuwa na jibu, alisema hivyo wazi, kwa sauti ileile aliyotumia kusema wanachokijua. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji kwa miaka mingi na sikumbuki kusimama mbele ya watu hata siku moja nikasema sijui.

La tatu lilikuwa sharti lake. Mtu yeyote anayetajwa katika kipindi, hata bila jina, lazima akisikie kwanza kabla hakijatoka. Akikataa, hakitoki.

Hilo la tatu ndilo lililonifikisha nilipofika.

Mwaka jana aliamua kutengeneza kipindi kuhusu kipindupindu cha huku kwetu, kile kilichoingia katika kijiji nilichozaliwa, kusini kidogo ya hapa ukifuata ufukwe. Alikuwa amesikia kwamba wakati ule mimi ndiye niliyekuwa katibu. Akaniomba niingie stoo. Nilivaa shati la Jumapili, ingawa sauti haina shati, nikakaa kwenye kigoda na kusimulia kama hotuba. Nilisema baba yangu mkubwa alirudi kutoka safari ya samaki akiwa anaharisha, akafa kabla ya siku kwisha. Tukazika. Baada ya mazishi ikaja barua ya zahanati kutuarifu ni kipindupindu, nami nikaisoma mara moja mbele ya watu. Timu ya afya ikafika na dawa ya maji na dripu, tukashirikiana, ugonjwa ukaisha. Watu wanne wa kijiji walimfuata marehemu kaburini, mmoja wao mtoto wa darasa la pili. Nikamaliza kwa kuwashukuru wote.

"Ahsante, Baba," akasema. Sikusikia chochote katika sauti yake.

Wiki mbili zikapita, kipindi hakikutoka. Wiki ya tatu alikuja barazani na daftari lake, akakaa kwenye ngazi, chini yangu.

"Baba, kuna mahali nimekwama. Siku hazikubaliani."

"Siku gani?"

"Nilimpata yule mganga wa zahanati wa wakati ule. Amestaafu, yuko Songea. Anasema barua aliiandika mwili wa marehemu ukiwa bado kitandani, akaileta kwa mkono wake kwa katibu, kabla ya kuzika. Anakumbuka kwa sababu aliazima baiskeli ya mwalimu na ikatoboka. Wewe unasema ilikuja baada."

"Ni mzee yule. Amesahau."

"Inawezekana," akasema. Hakubishana. Alifunga daftari. "Basi nitakiweka pembeni kipindi. Siwezi kusema ya kwake wala ya kwako mpaka nijue."

Akaenda kupika. Mimi nilibaki pale nikisikia vitunguu vikikaanga, nikijua kwamba nikinyamaza tu, mambo yangu yamekwisha salama. Kipindi kingekufa stoo, na mganga wa Songea angekufa na baiskeli yake. Nilikuwa nimenyamaza hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini na nilikuwa hodari. Sijui kwa nini siku ile sikuweza. Labda ni kwa sababu alisema "inawezekana", nami nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwongo. Nilimfuata jikoni kwake, nikasimama mlangoni.

"Ilikuwa mfukoni," nikamwambia.

Alipunguza moto. Hakukimbilia kile kimwiko chake cha kunasia sauti. Alinivutia kiti, nikamweleza, na siku ya pili nikamweleza tena stoo. Sasa nawaeleza ninyi.

Barua niliipokea asubuhi, kabla ya mazishi. Iliandikwa wazi: huu unaonekana kuwa kipindupindu, maiti isioshwe bila dawa, watu wasile pamoja, mikono ioshwe kwa maji ya kumiminwa na sabuni, maji ya kunywa yachemshwe. Niliisoma mara mbili. Uani watu walikuwa wamekwishaanza kujaa, wengine wametembea tangu alfajiri. Mazishi ya baba mkubwa yalikuwa mikononi mwangu. Nikiwaambia watu wasile, watasema nimemzika mzee kama mbwa. Nikisema kipindupindu, watasema ukoo wetu ni wachafu. Nikajiambia, nitaisoma wakishazika. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati.

Kwetu wakati ule beseni la msiba lilikuwa moja. Lilianzia kwa wazee likazunguka mpaka kwa watoto, kila mtu akanawa humo, na maji hayakumwagwa mpaka wa mwisho amenawa. Ilikuwa njia ya kusema kifo hakijatutenganisha. Lilipofika kwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu aliyetangulia, aliweka mikono nyuma.

"Mimi nimiminieni kwa kata," akasema.

Watu wakatazamana. Katika ua mzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba anachokiomba ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuwa inanigusa kifuani. Niliogopa mtu asije akauliza kwa nini. Kwetu shemeji ni mtani, na msibani mtani ana ruhusa. Anaweza kulala kaburini akadai haondoki, anaweza kuiga mwendo wa marehemu, na kazi yake ni kuwachekesha waliochoka kulia. Nikaitumia ruhusa ile.

"Mwacheni shemeji yangu!" nikapaza sauti. "Huyo anajua alichotia humo!"

Ua mzima ulicheka. Hata yeye alitabasamu kidogo, kwa kuwa utani ndivyo unavyopokelewa. Hakunawa, hakula, akaenda kukaa na wafiwa.

Kipindupindu hakichelewi. Mpangaji wangu anasema huanza kati ya saa chache na siku tano. Siku ya pili mama mkubwa, mke wa marehemu, alianguka, na baada yake wengine. Siku ya tatu timu ya afya ilipofika, nilitoa barua mfukoni nikaisoma kwa sauti nzito, nikasema imeletwa asubuhi ile. Mganga wa zahanati alikuwa amelala hoi kwa kazi, kisha haukupita muda akahamishwa. Hakuna aliyenikanusha.

Lakini watu hawakuwa wakizungumzia barua. Walizungumzia shemeji. Mtu mmoja tu alikataa beseni, na mtu huyo ndiye aliyebaki mzima akiwapikia wenzake uji. Na kuna aliyesema maneno mbele ya wote: anajua alichotia humo. Ule utani wangu uliondoka msibani ukiwa utani, ukarudi siku ya tano ukiwa ushahidi. Hakuna aliyempiga. Kanisani wakawa wanahama benchi lake. Samaki wake wakawa wanaoza. Ukoo ulipokaa, mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Waliamua apumzike kwa dada yake aliyeolewa Mbuji, huko milimani, na wakasema hata akifa asishushwe ziwani. Ningeweza kusimama nikasema ule ulikuwa utani, na barua hii hapa, na tarehe yake hii. Badala yake niliandika barua ya utambulisho aipeleke kijiji cha kule, nikaigonga muhuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia ahsante.

Nilipomaliza haya stoo, mpangaji wangu alizima mashine yake.

"Yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Basi asikie kwanza."

"Wewe nenda," nikamwambia. "Atakupokea. Mimi ataniachia mbwa."

"Twende wote, Baba. Mimi nitabeba simu, wewe ndiye utakayebonyeza."

Tulikwenda Jumamosi, kwa gari mpaka Mbinga na kwa bodaboda mpaka Mbuji. Huko ni baridi, nami nilikuwa nimesahau koti, kwa hiyo nilifika natetemeka na watu wakadhani ni uzee. Shemeji alikuwa uani akipembua maharage kwenye ungo. Amekuwa mdogo wa umbo, lakini mikono yake ni ileile, ya haraka. Mpangaji alipiga goti kidogo, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa kwa furaha. Mimi nilijaribu kuanza kama zamani.

"Shemeji, milima imekufanya msichana. Naona nirudi kuposa."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Utani wako mimi nilishaulipia nauli ya kuja huku," akasema. "Kaa useme kilichokuleta."

Nikakaa. Nikasema tumeleta kitu cha kusikiliza, kinamhusu, na akikataa kitafutwa. Nikabonyeza. Sauti yangu ikatoka kwenye simu katikati ya ua, ikasema barua, asubuhi, mfukoni, beseni. Ni jambo zito kukaa karibu na sauti yako inayosema ukweli huku mdomo wako umefungwa. Mikono ya shemeji ilisimama.

"Rudisha hapo kwenye barua," akasema.

Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha mara tatu.

"Kumbe ilikuwa mfukoni," akasema mwishowe, taratibu, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Kisha akamwambia mpangaji, si mimi: "Unajua, mwanangu, kuna miaka nilianza kuwaamini. Mtu mmoja akikuita mchawi, unakasirika. Wakikuita wote, usiku na mchana, unaanza kujitazama mikono. Nilikuwa siwashiki wajukuu zangu wakiumwa. Nilijiambia, labda kuna kitu ninacho nisichokijua."

Hilo sikuwa nalijua. Nilidhani nilimnyang'anya kijiji tu.

Mpangaji wangu alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, siku ile kwa nini hukunawa?"

"Nikiwa msichana, kabla sijaolewa, nilikuwa mfagiaji wodini. Sikusoma mimi. Ila niliona wauguzi: hakuna hata mmoja aliyenawa kwenye maji ya mgonjwa. Walimiminiana. Nikasema wale waliosoma wanaona kitu hapo. Na yule mzee nilimwona alivyokufa, nikamjua. Wodini niliwaona wa namna ile."

"Mama," mpangaji akasema, "hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Uliona, ukakumbuka, ukafuata."

"Basi sayansi imenipeleka Mbuji," shemeji akajibu, na kwa mara ya kwanza akacheka. Mpangaji akamwomba ruhusa kurekodi maneno yale. Walijifungia jikoni wote wawili, nikaachwa nje na maharage.

Walipotoka, shemeji alinikabili.

"Hicho kitu kitoke. Lakini mimi sitaki kusafishwa kwenye simu tu, wale walionifukuza wengine hata simu hawana. Kaka yako nimemwacha peke yake kule. Kila mwaka siku ya marehemu wote nasali huku nikiwa nimegeukia upande wa ziwa, kama kichaa. Ukoo ukae. Wasikie wakiwa wote, na wewe uwepo ukitazamwa. Wakisema nirudi kwa mume wangu, sawa. Wakisema bado, nitazikwa huku kwenye baridi, nawe utajua."

Kabla ya kikao mpangaji alihariri kipindi chote upya, akanisikilizisha. Nilikuta kile kipande cha mwisho, nilipoomba msamaha kwa muda mrefu na kulia, hakipo. Nikakasirika. Nilimwambia pale ndipo palipo na moyo wangu.

"Ndiyo, Baba, ni moyo wako," akasema. "Ila msikilizaji akikusikia unalia atakuhurumia wewe, na Mama atasahaulika tena. Umeshasema ulichofanya. Kinatosha."

Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nilielewa kwamba nilikuwa nimeingia stoo kuungama, halafu bila kujua nikaanza tena kuongoza msiba.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya ibada, uani kwa mtoto mkubwa wa baba mkubwa, ambaye sasa ndiye anayetuongoza. Katika wale wanne, mmoja alikuwa mama yake. Tuliweka spika ndogo juu ya kinu. Kipindi kilianza na sauti ya shemeji, wodi na wauguzi wake. Kikafuata kile kisima cha Ulaya, wapagazi wa misafara na mdudu anayeogelea. Kisha mimi. Nilitazama miguu ya watu. Kilipokwisha, yule mtoto wa baba mkubwa alinigeukia.

"Mdogo wangu," kaka akaniambia. "Kwa hiyo mama yangu umeniulia wewe."

"Nilikuwa na karatasi ya kumsaidia, nikaificha."

Akamgeukia mpangaji wangu. "Wewe ndiye mtaalamu. Sema. Barua ingesomwa, mama angepona?"

Nilijua jibu lolote ambalo angelitoa lingepokelewa kama hukumu. Angeweza kunimaliza, angeweza kuniokoa.

"Hatujui, Baba. Mama yako ndiye aliyemuuguza mzee. Huenda aliambukizwa kabla hata ya msiba. Huenda alipata kwenye beseni. Atakayekwambia anajua, anakudanganya. Tunachojua ni kwamba barua ingewakinga baadhi ya watu, na ni nani hasa, hatutajua kamwe."

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi."

Nadhani jibu lile ndilo lililomtuliza kaka, kwa sababu halikuwa na upande. "Haya," akasema. "La mama yangu halijulikani. Lakini la mke wa marehemu ndugu yetu linajulikana. Tulimfukuza mtu aliyekuwa na akili kuliko sisi sote. Nani ana neno?"

Shangazi mmoja mkongwe akasema, "Mimi nilihama benchi lake. Niandikeni." Mwingine akasema naye aandikwe. Ikawa zamu kwa zamu. Ikaamuliwa watu watatu wapande Mbuji wakamwambie kwa mdomo kwamba nyumba ni yake akitaka kurudi, na nafasi kando ya mumewe ni yake vilevile. Kuhusu mimi, iliamuliwa nisiongoze tena msiba wala nisiseme kwa niaba ya ukoo. Nilikubali. Sikutumwa Mbuji.

Kipindi kilitoka wiki ile. Nimekisikia kwa fundi cherehani, nimekisikia kwenye mtumbwi uliokuwa unapakuliwa, watu wakirushiana kwenye simu na kuwekeana kwenye memori kadi. Wapo wasionisalimia tangu hapo, na wapo wanaonisalimia zaidi kuliko zamani, ambao ndio wanaonitia aibu. Mpangaji wangu hakupumzika. Alikuwa ameanza kuandika kuhusu tauni, na yule mama wa kofia ya majani alikuwa ameshamwambia sehemu ya panya ni ndefu mno.

Shemeji hakurudi kuhamia. Alisema amezoea baridi na maharage yake. Lakini mwezi uliopita aliteremka na mjukuu wake wa kike, akatutumia ujumbe tumkute makaburini, mimi na mpangaji. Tulimkuta amesimama mbele ya kaburi la kaka yangu. Majani yalikuwa yamefika magotini na msalaba umeinama.

"Miaka yote hii unaishi karibu hivi," akaniambia, "na ndugu yako umemwacha awe pori?"

Mpangaji wangu alikuwa amekitoa kile kimwiko chake, nadhani kwa mazoea.

"Wewe mtoto, zima hicho," shemeji akamwambia. "Umeshafanya yako, na Mungu akubariki. Hii ni kazi ya jembe." Kisha akanigeukia. "Nenda kaazime mawili. Moja ni lako."

Nikaenda kuazima.